Nani Alitia Sahihi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama)



Nimetakiwa nieleze kwa nini nataka chama chetu, ambacho miaka yote kimeshughulika na mabati ya mabweni na vitabu vya maktaba, kipeleke pendekezo la kikao kwenye mkutano wa uhuru wa intaneti. Najua wapo wanaoyaona hayo kuwa mambo ya vijana wa mjini. Naomba wanivumilie kidogo.

Mkutano ninaousema ni Jukwaa la Uhuru wa Intaneti Afrika, linaloandaliwa na taasisi ya CIPESA yenye makao yake Kampala. Lilianzia huko huko Kampala mwaka 2014, likapita Johannesburg, Accra, Addis Ababa na Lusaka, na Septemba 2023 likafika Dar es Salaam. Waandaaji hutoa wito mapema. Kikundi huandika kichwa cha kikao, swali la kujadiliwa, majina ya wazungumzaji na matokeo yanayotarajiwa. Si kila pendekezo hukubaliwa. Na pendekezo lenye kichwa kama “Haki za Kidijiti: Changamoto na Matarajio” hata mimi ningelitupa kapuni, kwani semina za jina hilo nimezihudhuria za kutosha, pamoja na maandazi yake. Kikao kinataka swali moja ambalo mtu aliyemo chumbani anaweza kulijibu.

Swali langu ni hili: intaneti inapozimwa, nani alitia sahihi?

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mafaili. Serikalini hata gari la kwenda wilayani lina fomu yake. Basi tazameni yaliyotokea Zimbabwe Januari 2019. Intaneti ilizimwa wakati wa maandamano ya kupinga bei ya mafuta, watu wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaona kwamba Waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo chini ya sheria aliyoitumia. Hoja iliyowashinda wakubwa ilikuwa ya karani: sahihi haikuwa ya mtu anayestahili. Togo nayo ilizima intaneti Septemba 2017. Juni 2020 Mahakama ya Jumuiya ya ECOWAS ikasema kitendo hicho kilikuwa kinyume cha haki, maana hakukuwa na sheria ya nchi iliyokiruhusu. Uganda ilizima Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Hapa kwetu intaneti ilikatwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ikarudi baada ya siku kadhaa. Kila mmoja ana habari zake za siku zile, nami sitazirudia.

Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la mwaka 2019 linazitaka nchi zisiwakatie wananchi intaneti. Lakini tamko halimfikii injinia aliye zamu usiku. Kwa hiyo nataka wazungumzaji wanne tu. Injinia wa kampuni ya simu atueleze amri humfikiaje, kwa barua au kwa mdomo. Wakili atueleze ni kifungu kipi. Mtumishi wa serikali atueleze karatasi hiyo hutunzwa katika faili gani, kama ipo. Na dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu atueleze siku hizo watoto wake walikula nini. Watatu wa kwanza tunao humu ukumbini. Wa nne yuko nje ya geti anasubiri abiria.

Ninalo la pili, fupi. Tulipokuwa bwenini barua zetu zilipita kwa mwalimu wa zamu zikiwa wazi, tukaona ndiyo kawaida. Labda ndiyo sababu hatushtuki nyumba ya wageni inapobaki na nakala ya kitambulisho chetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kikao cha pili kiulize nakala zile hukaa wapi na nani huzichoma. Na kiendeshwe kwa Kiswahili, ili mwenye nyumba ya wageni naye aelewe anachodaiwa.

Mwenzetu mmoja ameniuliza hapo nje, “Na kazi yako je, ndugu?” Ni swali la haki. Nimekula kiapo cha kutunza siri, nami sitakivunja. Kuuliza utaratibu si kutoa siri. Nitaomba ruhusa ya kuzungumza kwa barua, kupitia kwa mkuu wangu wa kazi. Nikinyimwa nitakaa kwenye viti vya wasikilizaji, na jina la chama litabaki kwenye pendekezo.

Naomba basi mkutano uchague watu watatu, mmoja wao wakili, tukutane kesho baada ya chai ya asubuhi kabla mabasi hayajaondoka. Rasimu ninayo, kurasa mbili. Kichwa kimekwisha andikwa. Nafasi ya majina ya wazungumzaji bado ni tupu.