Uwanja Unaonukia

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Embu na Meru)



Leo sitaongea juu ya kahawa wala majani chai. Tuongee juu ya uwanja wa nyumba, hapo mbele ya mlango, tunapofagia kila asubuhi.

Mama yangu alikuwa hodari wa kufagia. Nilipokuwa mtoto, ulipanda ngazi moja tu kuingia nyumbani kwetu. Nilipooa, zilikuwa mbili. Baada ya mvua ya El Niño ya 1997 tukaongeza ya tatu. Je, nyumba ilikuwa inakua? La! Uwanja ndio uliokuwa unashuka. Ufagio unalegeza udongo, mvua inaubeba. Ukiingia Rupingazi, unafika Thiba, halafu bwawa la Kamburu. Shambani tumechimba fanya juu, lakini uwanjani tumemwachia mwizi mlango wazi.

Mtu atasema, basi tupande nyasi. Sisemi nyasi ni mbaya. Nyasi ya Kikuyu inashika udongo sana, na ng'ombe anaipenda. Lakini inataka kukatwa kila mara, na inatambaa mpaka ndani ya maharagwe. Huko Uingereza wengine hupanda kamomaili mahali pa nyasi, ukiikanyaga, inanukia. Na sisi tunaweza kufanya hivyo kwa mimea tuliyo nayo.

Kwanza, mchaichai. Huu upandwe ukingo wa chini wa uwanja, mstari mmoja unaokata mteremko. Chimbua shina lililokomaa, ligawe, kila mche uwe na mizizi. Punguza majani, panda kila futi moja mvua inapoanza. Udongo utasimama hapo.

Pili, minti. Hii inapenda unyevu, kwa hivyo ipande karibu na mfereji au mahali pa kuoshea vyombo. Izungushie mawe, maana inatambaa sana.

Tatu, thaimu, katikati ya mawe ya njia. Ni fupi, haihitaji kukatwa kila mara.

Nne, rosemari. Walio Siakago na Ishiara, huu ni wenu, kwa sababu ukishashika unavumilia jua. Kata tawi urefu wa kiganja, toa majani ya chini, lichomeke kitaluni penye kivuli. Likishatoa mizizi, hamisha. Huko chini tegemeeni mvua ya Oktoba. Walio juu, Runyenjes na Nkubu, mnaweza kupanda hata Machi.

Mzee mmoja aliniuliza, "Na nyoka je?" Ni swali la haki, ndiyo sababu wazee wetu walifagia. Mchaichai unaweza kupita kiuno cha mtu, kwa hivyo usiupande karibu na mlango. Mlangoni weka mimea mifupi tu, na njia iendelee kufagiwa. Pia watoto wanataka mahali pa mpira. Hakuna mmea wa harufu utakaostahimili hiyo. Waachieni sehemu yao. Na kuku wataparura miche, basi izungushieni miiba mpaka ishike.

Jambo lingine. Watu husema mchaichai unafukuza mbu. Mafuta yake husaidia kidogo, lakini mmea uliosimama uwanjani haulindi mtoto na malaria. Lala ndani ya neti.

Faida ni nini? Udongo unabaki. Mama anafagia njia tu, si uwanja mzima. Chai inapata harufu nzuri, na ukizidisha, funga mafungu upeleke sokoni.

Ombi langu ni moja. Kila kikundi kianze na kitalu kimoja. Miche igawanywe kwa zamu kama tunavyofanya pesa za mzunguko: leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Halafu kila mmoja ahesabu ngazi za mlango wake leo, aandike. Baada ya miaka mitano tuulizane kama zimeongezeka.