TUWAFUATE VIJANA KWENYE BARAZA LAO

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Rondo, Mkoa wa Lindi. Tunaichapa kwa manufaa ya wanachama wote.)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo moja tu. Sisi tunaoitwa wahafidhina, yaani tunaoshika mambo tuliyoachiwa na wazee wetu, umoja wa taifa, Muungano, lugha moja na heshima kwa wakubwa, tutasikilizanaje na vijana ambao baraza lao limo ndani ya simu?

Jambo hili si la mchezo. Mtu atakayetimiza miaka 18 mwaka 2030, na kupiga kura kwa mara ya kwanza, alizaliwa mwaka 2012. Hakumwona Mwalimu akiwa hai. Habari za Azimio la Arusha amezisoma darasani ili ajibu mtihani. Kwa wazee wetu Chama ni ukombozi. Kwa kijana huyu Chama ni serikali, na serikali ni kodi na makato.

Wako wasemao kwamba vijana wa siku hizi wameharibiwa na simu. Sisi hatukubali. TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954, Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 32. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha akina mama mwaka 1955, hakuwa ametimiza miaka 30. Chama tunachokiita cha wazee kilijengwa na vijana.

Nao walikuwa na kikaratasi chao, Sauti ya TANU. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki Mwalimu kwa maneno aliyoyaandika humo, na mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000. Je, maneno yalikoma? Tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya mkoloni ilishuka.

Sisi watu wa kusini tunao ushahidi wa zamani zaidi. Kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, habari za dawa ya Kinjeketile wa Ngarambe zilipita Umatumbini kwa mnong'ono, kutoka sikio hata sikio, na Mjerumani alikaa na bunduki zake asijue kinachopikwa. Neno likinyimwa baraza hujitafutia kichaka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuseme wazi. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi, fujo zilitokea katika miji yetu na watu walipoteza maisha. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekufa ni mtoto wa mtu, awe na kadi ya Chama au asiwe nayo. Kuzima mtandao hunyamazisha simu, lakini hakumgeuzi moyo mwenye simu. Chama chenye hoja hakiogopi kuulizwa.

Tuwatazame na jirani zetu wa Kenya. Mwezi Juni, 2024, vijana waliupinga Muswada wa Fedha, wakiitana kwa mitandao. Tarehe 25 waliingia Bungeni. Watu waliuawa siku ile. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Ilipofika tarehe 5 Julai akaingia mwenyewe katika mtandao wa X, vijana wakamwuliza maswali makali, naye akajibu. Kuingia kwake kulikuwa kwema, ila kulikuja baada ya mazishi. Sisi tuingie mapema, wakati swali bado ni swali.

Wala uzee si kizuizi. Marekani, mwezi Oktoba, 2024, Donald Trump, mhafidhina wa miaka 78, alikaa karibu saa tatu akizungumza na Joe Rogan, mtangazaji anayesikilizwa sana na vijana wa kiume. Hatusemi tuige siasa yake. Twasema aliwafuata vijana waliko, wala hakungoja waje mkutanoni kwake.

Basi tufanye nini hapa Rondo?

Kwanza, tupunguze kusifu, tuongeze kueleza. Tunatuma picha ya kiongozi na maneno ya pongezi. Kijana huipitisha kwa kidole kimoja. Lakini mwambie habari za korosho, atasimama. Stakabadhi ghalani ilianza katika korosho mwaka 2007, na tangu msimu wa 2024/2025 minada inapitia Soko la Bidhaa, TMX. Kijana huiona bei ya mnada kwenye simu, halafu huhesabu alicholipwa baba yake, na kuuliza tofauti imekwenda wapi. Swali hilo si uasi. Viongozi wa tawi waende kwenye chama cha ushirika, waandike makato moja moja, na karatasi hiyo waitume katika kundi la WhatsApp la kijiji. Hiyo itafanya kazi kuliko nyimbo mia.

Pili, tuseme kweli hata inapouma. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walingoja malipo kwa muda mrefu. Kijana akiukumbusha mwaka ule, tusimwambie asahau. Mtandao hausahau. Tumweleze lililotokea na lililorekebishwa, na lililobaki tulikiri kuwa limebaki.

Tatu, vijana wetu wenyewe waseme, kwa majina yao na kwa lugha yao. Mzee asijifanye kijana; watoto watamcheka. Wala tusiwafanye vijana wetu kuwa watu wa matusi. Anayemtukana mwenzake mtandaoni kwa jina la Chama anatupunguzia kura.

Nne, tusidhani kwamba kila kijana yumo mtandaoni. Yuko binti asiye na simu, na yuko mwenye simu asiye na fedha ya bando. Kwa hiyo swali lililoulizwa katika simu lijibiwe katika simu, kisha lijibiwe tena chini ya mwembe, mbele ya wote.

Ndugu wanachama, heshima kwa wakubwa ni mali yetu, na hatutaiacha. Lakini mtoto humheshimu mzee anayemjibu. Mzee anayemfokea huogopwa tu, na woga haupigi kura.

Uhuru na Umoja!