Kusubiri Mnunuzi Bila Kupoteza Nyumba wala Amani

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa Busia, upande wa Uganda



Bila shaka wapo miongoni mwenu waliojiuliza: polisi ana nini na uuzaji wa nyumba? Sisi hatupimi viwanja, hatutoi hati, wala hatupangi bei. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu waziwazi. Katika miaka yangu ya utumishi, nimeyaona mashauri ya nyumba na ardhi ambayo hayakuanzishwa na mwizi. Yalianzishwa na mtu mwaminifu aliyechoka kusubiri. Mnunuzi alichelewa, ofisi ilichelewa, ada za shule zilidaiwa, usingizi ukapotea. Na siku moja mtu huyo, ambaye hakuwa ameiba hata kuku maishani mwake, akafanya jambo lililomleta mbele yetu. Ndiyo maana leo nimeona tuzungumze juu ya kusubiri.

Nitaanza na nafsi yangu, ili asidhani mtu kwamba nawahubiria kutoka juu ya mti. Miaka kadhaa iliyopita nilihamishiwa wilaya ya mbali, nikaamua kuiuza nyumba yetu. Tulipata mnunuzi mapema. Alitoa arubuni, yaani malipo ya awali, akasema salio lingetoka kwenye mkopo wa benki baada ya miezi miwili. Nikafurahi, nikaanza kuzitumia kichwani fedha ambazo sijazipata: kiwanja kipya, mabati, ada za watoto.

Miezi miwili ikapita, ikawa minne. Benki ilitaka nyumba ithaminiwe upya. Kisha ikagundulika kwamba jina langu kwenye hati limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lile la kitambulisho cha taifa, ikabidi nitengeneze hati ya kiapo na kusubiri marekebisho. Kila nilipouliza, niliambiwa, "Rudi wiki ijayo." Nikawa mkali nyumbani. Watoto walijifunza kunyamaza niliposhika simu.

Katika mwezi wa saba, jioni moja ya Jumamosi, akaja mtu mwingine na fedha taslimu ndani ya mfuko. Bei yake ilizidi ile ya kwanza. Alitaka tuandikiane usiku uleule. Ndugu zangu, nitawaambia kweli: mkono wangu ulikwisha kuishika kalamu. Aliyenizuia ni mke wangu. Alisema, "Baba, yule wa kwanza tumekula naye makubaliano. Mimi sitii saini." Nilikasirika. Lakini sheria ilikuwa upande wake, na baadaye nilitambua kwamba akili pia ilikuwa upande wake.

Ile biashara ya kwanza haikufika mwisho. Mwezi wa tisa, benki ilimnyima yule mnunuzi mkopo. Tukamrudishia arubuni yake kama mkataba ulivyosema, na tuliweza kuirudisha kwa sababu mama watoto alisisitiza tangu awali kwamba fedha hiyo ikae benki bila kuguswa. Tuliuza miezi mitano baadaye, kwa bei ya chini kuliko tuliyoitarajia. Sikupata nilichokitaka. Lakini nililala nyumbani kwangu, sikulala mahabusu, na hadi leo yule mnunuzi wa kwanza akiniona sokoni hunisalimu.

Sasa tujiulize: kwa nini mauzo huchelewa? Ni vyema kujua, kwa sababu usilolijua hulitafsiri kuwa njama. Ardhi yetu ya Uganda, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995, humilikiwa kwa mifumo minne: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo, na ya lisi, yaani upangaji wa muda maalumu. Kila mfumo una njia yake. Nyumba iliyo kwenye lisi huhitaji kibali cha mwenye ardhi, ambaye mara nyingi ni bodi ya ardhi ya wilaya. Yenye hati hupitia upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda, uthamini wa serikali, ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1.5 ya thamani, kisha usajili wa jina jipya. Iliyo kwenye ardhi ya kimila hudai mashahidi, majirani wa mipaka, na uongozi wa eneo.

Ikiwa mwenye nyumba amefariki, safari ni ndefu zaidi. Warithi hawawezi kuuza kwa sababu tu wamekubaliana mazishini. Lazima kwanza wapate barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu, kisha mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi. Anayeuza kabla ya hapo anauza kisicho chake, hata kama alizaliwa ndani ya nyumba hiyo.

Basi ucheleweshaji mwingi hautokani na uadui. Ni mlolongo wa milango, na kila mlango una ufunguo wake. Anayelijua hili huuliza, "Tumefika mlango gani, na nani ana ufunguo?" Asiyelijua huuliza tu, "Fedha yangu iko wapi?" na hapati jibu.

Naomba mlishike neno hili: kuchelewa kwa mauzo si kosa la jinai. Mnunuzi aliyeshindwa kulipa salio kwa wakati hawezi kukamatwa na polisi kwa sababu hiyo peke yake. Hilo ni shauri la madai, na njia yake ni mkataba, wakili, usuluhishi au mahakama. Kwa ardhi ya kimila, mgogoro huanzia kwenye mahakama ya LC2. Lakini yale ambayo mtu huyafanya ndani ya kipindi cha kusubiri yanaweza kuwa jinai. Nitayataja matatu.

La kwanza ni kupokea fedha za wanunuzi wawili. Mshika mbili moja humponyoka, nasi tumemwona yule ambaye zote mbili zilimponyoka. Alipokea arubuni ya pili akimficha mnunuzi wa pili habari za wa kwanza, akidhani ataimaliza shida yake haraka. Sheria ya adhabu ya Uganda huliita jambo hilo kujipatia fedha kwa udanganyifu, na kifungo chake chaweza kufika miaka 5. Ukitaka kumwacha mnunuzi wa kwanza, mwandikie kwa mujibu wa mkataba, mrudishie chake, pata sahihi yake, ndipo ufungue mlango kwa mwingine.

La pili ni kuikabidhi hati halisi kwa dalali "ili aharakishe mambo." Wapo madalali waaminifu, nao nawaheshimu. Lakini dalali mwaminifu hutosheka na nakala. Hati halisi ikae kwako, kwa wakili wako, au benki. Na usitie sahihi kwenye fomu ya uhamisho ambayo nafasi zake hazijajazwa. Karatasi tupu yenye sahihi yako ni mlango wa nyumba yako uliofunguliwa usiku.

La tatu ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Hili huzungumzwa kwa sauti ya chini, lakini ndilo linalonisumbua zaidi. Fedha inayosubiriwa huchoma kuliko fedha iliyokosekana. Mume humshuku mke kwamba anamzuia; mke humshuku mume kwamba amekwisha kupokea fedha kwa siri; ndugu wa ukoo huuliza fungu lao kabla halijapatikana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa, yakataza kuuza ardhi ya familia, yaani ile ambayo familia huishi juu yake au huitegemea kwa riziki, bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa itolewayo kabla. Ridhaa hiyo si hisani, wala haipatikani kwa ngumi. Mwenzi anayehofia kuuziwa nyumba kwa siri anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi. Na palipo na kipigo au vitisho, Kitengo chetu cha Ulinzi wa Watoto na Familia kipo kwa ajili hiyo.

Ndugu zangu wa mpakani, sisi tuna jambo la ziada. Mtu anaweza kuishi upande huu, kufanya biashara upande ule, na kuoa pande zote. Udugu wetu hauna mpaka, lakini sheria za ardhi zina mpaka. Katika Uganda, asiye raia anaweza kupata lisi tu, isiyozidi miaka 99; hawezi kupewa umiliki huru, mailo wala ardhi ya kimila. Kenya nayo, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, humruhusu mgeni kupata lisi isiyozidi miaka 99. Tena huko, ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Maombi yake hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, na bila kibali hicho mauzo hubatilika. Na wenzetu wa Mutukula wakumbuke kwamba Tanzania ina sheria zake za mwaka 1999, ambazo hazimruhusu mgeni kumiliki ardhi ila kwa madhumuni ya uwekezaji.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mnunuzi wa ng'ambo kwa kuchelewa, hakikisha kwamba mlichokubaliana chawezekana kisheria. Wapo wanaosubiri mwaka mzima kitu ambacho sheria hairuhusu kitokee. Na wapo wanaoshauriwa waliandike jina la shemeji au rafiki ili kuikwepa sheria. Siku rafiki huyo atakapokana, utasimama mahakamani ukiwa na nini mkononi?

Fedha nazo zina mambo yake. Usikubali salio la nyumba lipitishwe kwenye vichochoro ndani ya mfuko. Nchi zote mbili humtaka msafiri atangaze forodhani fedha taslimu zinazofikia kiwango kilichowekwa. Malipo yapitie benki. Benki hukulinda na noti bandia, hukulinda na wanaokuvizia njiani, na hukupa ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimeulizwa mara nyingi: "Afande, hayo yote tumeyasikia, lakini moyo unasubirije?" Nitasema lile lililotusaidia sisi. Tuliacha kuihesabu fedha ambayo haijaingia. Tulipanga bajeti ya nyumba kana kwamba mauzo hayapo, tukaenda kwa mkuu wa shule kuomba kulipa ada kwa awamu, badala ya kukopa kwa riba kwa kutegemea salio. Tulinunua daftari la kurasa 32, tukaandika kila tarehe, kila ofisi, na jina la kila aliyetujibu. Tulikubaliana kufuatilia kila baada ya wiki mbili, na siku nyingine tusilitaje jambo hilo mezani. Kazi haikuenda kasi zaidi kwa sababu hiyo. Lakini nyumba yetu ilirudi kuwa nyumba, ikaacha kuwa chumba cha kusubiria.

Tena wekeni ukomo ndani ya mkataba. Mkataba usioeleza tarehe ya mwisho, wala nini kitatokea mnunuzi akishindwa, wala arubuni itarudishwaje, huo ni mkataba wa kusubiri milele. Muuzaji na mnunuzi wakiandika mapema namna ya kuachana, huachana kwa heri.

Mwisho, nyumba inayosubiri mnunuzi isiachwe ukiwa. Nyumba tupu huwaita wavamizi na wang'oaji wa mabati. Weka mtu, mjulishe jirani na mwenyekiti wa LC1. Mgeni akitaka kuitazama, aje mchana, mjue kwa kitambulisho chake, nawe usiwe peke yako. Ukihisi umetapeliwa, usiende kwake na panga. Njoo kituoni na daftari lako. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Kwa dharura, piga 999 au 112 bila malipo.

Wazee wetu, akina mama na vijana, nyumba ni jasho la miaka mingi, na si ajabu kwamba kuiachia huchukua miezi. Anayekuharakisha usiku mmoja, muulize anakimbia nini. Na wewe unayechoka, kumbuka kwamba siku ya kutia sahihi itapita, lakini mwenzi wako, watoto wako na jirani yako utaendelea kuishi nao baada ya fedha kwisha.

Sasa nayakaribisha maswali yenu.