Kabla ya Kuchimba Msingi wa Ghala

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika)



Tumekutana kwa ajili ya ghala letu la pembejeo. Ghala tunalitaka, hakuna anayebisha. Kila msimu mbolea na dawa za mahindi na tumbaku tunazifuata Songea mjini, nauli inatumaliza. Lakini leo hatukuja kupiga makofi tu. Tumekuja kuulizana.

Sisi wa kamati tulikubali kiwanja kile cha juu ya kisima, kwa sababu kiko kando ya barabara na lori linafika. Tulitazama lori, hatukutazama maji. Tulikosea, na tunasema mbele yenu.

Sikilizeni habari ya Vikuge, wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la pale lilipokea msaada wa dawa za kuulia wadudu kutoka Ugiriki, kiasi cha tani 170. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Zikawekwa kwenye banda la wazi. Banda likaja kuanguka, dawa zikanyeshewa, zikaingia ardhini. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo, wakakuta DDT bado imo. Banda lilianguka, ndugu zangu, lakini sumu haikuondoka nalo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla haijaanza. Jirani zetu wa Namtumbo wanajua: mradi wa urani wa Mto Mkuju ulifanyiwa tathmini hiyo kabla ya kupewa leseni ya kuchimba mwaka 2013. Ghala letu ni dogo, lakini kisima hakijui udogo wa mradi.

Tusichanganye mambo mawili. Sumu ndani ya kopo lililofungwa ni hatari. Lakini kama itatudhuru au haitatudhuru, hiyo inategemea tumeiweka wapi na nani anaishika. Moto wa mafiga unapika ugali. Moto huohuo ukigusa nyasi za paa unachoma nyumba.

Basi kabla ya kuchimba msingi tujibu maswali haya:

1. Tutaweka nini humo, na kiasi gani? Mbolea ni kitu kimoja, dawa ni kitu kingine, na chakula kisikae na chochote kati ya hivyo.

2. Kopo likipasuka au ghala likishika moto, maji na moshi vitaelekea wapi? Mvua ya masika ituonyeshe, tusibahatishe.

3. Nani yuko karibu? Watoto wa shule, mama anayechota maji, mifugo?

4. Nani atashika ufunguo, na je, anajua kusoma lebo?

5. Dawa ikipitwa na muda, nani ataiondoa, na kuipeleka wapi? Swali hili ndilo la Vikuge.

Juu ya lebo, asiyejua kusoma asione haya. Sisi wenyewe tulishika kalamu ukubwani, darasa la jioni. Tazama mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, inafuata njano, halafu bluu, halafu kijani. Na hata kijani si soda. Kopo tupu nalo lisiende kuwa la kuchotea maji.

Pendekezo letu ni hili. Ghala lihamie upande wa chini, mbali na kisima na shule, sakafu iwe ya saruji yenye ukingo, na madirisha ya kupitisha hewa. Afisa kilimo atusaidie kulisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tunajua matofali yatabebwa kichwani kutoka barabarani, na kazi itachelewa. Wapo watakaonung'unika, na wana haki. Lakini kubeba matofali ni kazi ya wiki mbili tatu. Kutafuta kisima kingine ni kazi ya wajukuu.

Kura ni zenu. Anayekataa aseme sababu, tumsikilize. Anayekubali aje Jumamosi na jembe.