Uchovu wa Mja Mzito Si Uvivu



Mama mja mzito akisema amechoka, tusimwite mvivu. Mwili wake unamlea na mtoto aliye tumboni. Sisi waume tuchote maji, tuchanje kuni, naye apumzike mchana. Ale mchicha, maharage na dagaa. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yanayojenga damu.

Lakini tuwe macho. Akihema kwa kazi ndogo, viganja vikawa vyeupe, huenda damu imepungua. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Twende naye kliniki mapema, apimwe, apewe vidonge vya kuongeza damu. Jamani, mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu nyingi anapojifungua, anaweza kufa.

Basi waume wenzetu, kesho ndoo tubebe sisi.