Kwa Nini Wanaua Karatasi

Ndugu zangu wa Kindu, kijana mmoja wa Alunguli huko kwetu, baada ya kuiona picha yangu katika uwanja wa shabaha hapa Boise, jimbo la Idaho, ameniletea swali: "Yaya, hao Wazungu wanaua karatasi juu ya nini, na nyama iko porini?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jambo hilohilo ndilo lililonifedhehesha mwaka wangu wa kwanza huku.

Nilijigamba mbele ya mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani, naye ni mwindaji ajazaye risasi zake mwenyewe, kwamba kazi hiyo mimi nimekulia ndani yake, na aliponiuliza kipimo cha baruti nikamjibu kwa fahari, "Kifuniko kimoja cha chupa." Mzee akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akanitazama mikono, akanihesabu vidole.

Ya kwetu mnayajua: mjomba, ganda la kalibre 12 lililokwisha kupigwa mara tatu, kifuniko, marisaa, kisha Bismillahi, uso ukageuzwa pembeni, na bunduki ikafyatuliwa. Nani angalijaribu kwanza, hali ya kuwa risasi moja ilikuwa ya mwenyewe aliyeko mjini, aliyeitoa kwa mkopo akingoja paja la nyama? Basi majaribio yalifanywa juu ya nyani, na siku moja juu ya mkono wa mjomba, ambaye hata leo hushika kijiko kwa vidole vitatu.

Wala sikubali kwamba huo ni ujinga. Wakubwa wa Ulaya walipotia sahihi mkataba wa Brussels mwaka 1890, walizuia silaha za kisasa zisiingie Afrika baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, wakaacha mlango mdogo kwa magumegume yenye mitutu isiyochongwa mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Na nchi iliyofungiwa mizani itapimaje ila kwa jicho? Nami hukasirika nionapo kwamba hapa Idaho ziko siku za msimu zilizotengwa kwa wenye gobori peke yao, baruti ya kumimina, bila darubini, na watu wenye magari mawili hulipia taabu hiyo kama anasa.

Walakini mzee yule wa ghalani alinichukua nyumbani kwake, na huko nikaona. Baruti hupimwa kwa greni, ambazo 7000 hufanya ratili moja ya Kiingereza, naye hupima mpaka sehemu ya kumi ya greni moja. Wazee wetu waliiita risasi nzima pamoja na baruti yake kiasi, neno nililolisikia tangu utoto nisilifahamu, mpaka nilipouona mkono wake ukitikisa kijiko kidogo juu ya mizani hata punje moja, moja tu, ikadondoka sahanini, na mshale ukatulia.

Huanzia chini, kwa kufuata kitabu cha watengenezaji wa baruti, akapanda kidogo kidogo, kila kipimo risasi tatu, kila kijisanduku na maandishi yake. Uwanjani, kwa umbali wa yadi 100, hupiga tatu hizo katika karatasi moja, na chombo kikapima mwendo wake; kisha huokota ganda akalitazama kitako. Fataki ikiwa bapa kupita kawaida, au komeo likawa gumu kufunguka, husimama papo hapo, na zilizosalia hurudi nazo nyumbani kuzifungua. Hatafuti iendayo mbio kuliko zote, bali zile zinazoangukia mahali pamoja.

Mama yangu aliposikia kwa simu kwamba mwanawe amenunua baruti, aliuliza ni vita gani tena vimeingia Marekani. Na nilipomtajia bei alinyamaza, maana kwa kopo lile ningalilipa minervali, yaani ada ya shule, ya watoto wa dada yangu. Nimeilipa, wallahi, ila mwezi uliofuata.

Haraka sasa, kwa ninyi mlioko huku Marekani. Ulizeni kwanza sheria inasemaje juu ya karatasi zenu za ukaazi kabla ya kugusa bunduki. Zibeni masikio. Kopo moja tu la baruti mezani. Msiazime kipimo cha mtu, kila mtutu una tabia yake. Msiache risasi juani ndani ya gari, joto huzidisha nguvu yake. Na msimamizi akiita wote wasimame, msiguse bunduki hata kuifuta vumbi. Mimi niligusa, nikakemewa mbele ya watoto wangu.

Karatasi yangu ya kwanza iliyofaa, matundu matatu yanayofunikwa na sarafu moja, nilimpelekea mjomba picha yake. Aliitazama siku nzima, jioni akanipigia, akaniuliza kifuniko hicho ni cha chupa gani.