Mlango Uliorudishiwa

Majuma mawili yaliyopita nilieleza katika kipindi hiki jinsi sisi wakazi wa Mwanza mjini tunavyoishi nyuma ya nondo. Nilitaja geti, grili, kitasa, na lile kufuli la nne ambalo ufunguo wake hupotea siku ya mvua. Msikilizaji mmoja wa Kisesa akaniletea ujumbe wa kunicheka. Alisema kwao watu wanalala milango wazi, na kwamba wizi ni ugonjwa wa watu wa mjini.

Maneno haya si mageni. Kila mtu wa mjini ana kijiji chake kichwani, mahali ambapo kufuli halijulikani na jirani ni ndugu. Sikutaka kubishana na mtu nikiwa nimekaa studio. Nikapanda daladala pale Buzuruga, tukapita Igoma, na baada ya mwendo usio mrefu nikashuka Kisesa, kando ya barabara kuu iendayo Musoma.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba swali langu lilikuwa bovu. Niliwauliza watu, "Je, mnafunga milango?" Wote wakajibu ndiyo, tena kwa mshangao. Lakini mama mmoja muuza dagaa akanisahihisha. Mchana, alisema, mlango haufungwi, unarudishiwa tu, ili kuku wasiingie. Usiku unakomewa kwa ndani. Kufuli linatiwa kwa nje pale tu nyumba nzima ikisafiri, na hata hapo yapo mawili: kufuli linalinda nyumba, lakini pia linamtangazia kila apitaye kwamba wenyewe hawapo. Mlango uliorudishiwa hausemi lolote. Mwizi hajui kama ndani kuna mtu, na mgeni mwema anasimama uani na kupiga hodi.

Kwa hiyo msikilizaji wangu alikuwa na nusu ya ukweli. Milango ya Kisesa ni wazi mchana. Usiku, hapana. Na katika duka la vifaa vya ujenzi nilikuta makufuli yamening'inizwa kwa saizi zote. Hayo hayakuwekwa pale kuwa mapambo.

Ila jambo hili lina mizizi mirefu kuliko kufuli. Msukuma wa zamani hakuwa na sababu kubwa ya kuhofia mlango wa nyumba, kwa kuwa mali yake haikuwa ndani ya nyumba. Mali ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa zizini. Mji ulizungukwa na ua wa minyaa, na macho yote yalielekea zizi. Mwizi akija, ulipigwa mwano, yaani yowe la hatari, na kila mwenye nguvu alitakiwa kutoka na silaha yake, akimbie kuelekea sauti ilikotoka. Asiyetoka alikuwa na la kujibu kesho yake. Huo mwano ndio uliokuwa kufuli la Usukuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Hapo ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama, walipoibuka Sungusungu, waliojiita pia Basalama, watu wa amani. Walikuwa na mtemi wao, katibu wao, pinde, mishale na filimbi. Wakaenea Unyamwezini na Usukumani kote, hata Mwanza. Walichofanya, ukikitazama vizuri, ni kuufufua mwano na kuuwekea daftari. Aliyekaidi alitozwa faini, au alitengwa: hapewi moto, hasalimiwi, hazikwi na watu. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Wakazi wa mijini mtakumbuka pia jinsi Augustino Mrema, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, alivyohimiza sungusungu hadi kwenye mitaa yetu, baba mwenye nyumba akatakiwa kukesha na rungu zamu yake ikifika. Wengi tulianza kwa bidii, tukaishia kulipa hela ili mwingine akeshe.

Hapa ndipo wanaosifu milango wazi ya mashambani hupenda kuishia. Mimi siwezi.

Kwa maana Kisesa iko katika wilaya ya Magu, na Magu, pamoja na sehemu nyingine za Usukuma, ina habari ya milango ambayo haisimuliwi kwa majivuno. Ni habari ya bibi vizee waliokatwa mapanga usiku wakiwa vitandani, kwa kutuhumiwa uchawi, ushahidi wenyewe ukiwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Si jambo la jana. Tayari katika miaka ya 1970 serikali ilifanya operesheni ya kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi, nayo ikaleta maovu yake: watuhumiwa walifia mikononi mwa dola huko Shinyanga, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Sungusungu nao, katika siku zao za mwanzo, hawakuwaandama wezi peke yao. Waliwaandama pia wanawake walioitwa wachawi. Na katika miaka ya 2010 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliendelea kuripoti mamia ya watu waliouawa nchini kwa mwaka kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake.

Mashirika yaliyofanya kazi Magu yaliwasaidia bibi hao kwa nyumba bora na kwa majiko yasiyojaza moshi ndani. Naona wale waliofikiria jiko waliona mbali. Komeo lingemzuia mgeni, lakini aliyetuma wauaji mara nyingi alikuwa mtu wa karibu, anayegombea shamba au urithi, anayejua bibi analala chumba gani na mbwa anaitwa nani. Vivyo hivyo, wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilipoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walihamishiwa bweni, kama pale shule ya Mitindo, Misungwi. Mlango wa nyumbani haukutosha.

Kisesa ya leo, kwa upande mwingine, inageuka mji mbele ya macho yetu. Mwanza inaijongelea. Wako wapangaji wanaoondoka na daladala ya alfajiri na kurudi gizani, na nyumba mpya zinaanza na ukuta kabla ya paa. Silaumu. Mtu asiyemjua jirani yake afanye nini?

Jioni nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa kijana wa Sungusungu enzi zile. Nilimuuliza kama mwano ukipigwa usiku wa leo watu watatoka. Akafikiri. Akasema watatoka, ila siku hizi mtu akisikia yowe, kwanza anashika simu na kuuliza ni kwa nani.

"Na wakiambiwa ni kwa bibi fulani, yule anayesemwa?"

Mzee akatazama barabarani. Akaniambia, "Mwanangu, wahi, daladala ya mwisho hiyo inaondoka."